Njaa si dhambi: Kwa nini tunawaficha watoto habari za wazee wao?

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo hapa kwetu Singida huulizwa chini kwa chini, misibani hasa, wakati wazee wamekaa pembeni kwenye jamvi na kahawa inazunguka. Swali lenyewe ni hili: je, inafaa kuwasimulia watoto yale machungu yaliyowapata babu na bibi zao, hata kama ndani yake mna mambo ya kufedhehesha? Au adabu inatutaka tuyafunike, tuwaombee dua marehemu wetu, yaishe?

Walio wengi wanasema tufunike. Maiti hasemwi, wanasema. Na hoja wanayo, kwani imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wao wamekwishayafikia yale waliyoyatanguliza. Aidha dini yetu imehimiza sana sitri, na kumfichulia mtu aibu yake ni jambo zito. Mimi sina ugomvi na mafundisho hayo, wala nani awe nao? Ugomvi wangu ni na namna tunavyoyatumia. Tumechukua agizo la kusitiri dhambi ya mtu, tukaligeuza kuwa blanketi la kufunikia misiba ya watu. Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Mtu aliyeteleza akatubu anasitiriwa. Lakini mtoto aliyeachwa nyumba ya watu kwa sababu kwao hakuna chakula, yeye amefanya dhambi gani hata naye afichwe?

Nauliza hivyo kwa sababu watoto wa namna hiyo walikuwepo, na wengi wetu tunaojiita watu wa Singida tumetokana nao.

Wagogo, ambao sehemu yao wamo katika mkoa wetu upande wa Manyoni, wana desturi ya kuzipa njaa zao majina, kama vile mtu anavyompa mtoto jina. Njaa iliyoingia kati ya mwaka 1917 na 1920 waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo na kuchapisha makala yake mwaka 1990, analifasiri jina hilo kuwa ni kugombania, watu kunyang'anyana kilichopo. Anakadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 waliokuwa Ugogo, walikufa kama 30,000. Yaani katika kila watu watano, mmoja alikwenda. Hebu msomaji ihesabu nyumba yako kwa hesabu hiyo.

Na isidhaniwe kwamba ni mvua tu iliyokosekana. Ugogo ni nchi kavu, wenyewe walikuwa wanajua kuishi na mvua haba. Walikuwa na mifugo, walikuwa na akiba, walikuwa na ndugu wa kukimbilia. Kilichowamaliza ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani, ambao walikuwa na boma lao pale Kilimatinde, walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua na vijana wenye nguvu za kulima wakawafanya wapagazi. Mwezi Julai 1916 majeshi ya Mwingereza yakaingia Dodoma. Mgogo aliyedhani amepata nafuu akaona bwana mpya naye ananyoosha mkono kwenye zizi lile lile na ghala lile lile. Ndipo mvua nazo zikakatika, akiba imekwisha na wabeba jembe hawapo. Mwishoni mwa mwaka 1918 likaja na lile homa kubwa la mafua lililoizunguka dunia nzima, likawakuta watu wamebaki mifupa.

Wenyeji hawakukosa kalamu. Mshairi maarufu Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917, katika miaka hiyo hiyo, na mwaka 1954 alichapisha kitabu kwa Kiswahili juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Lakini vitabu ni kitu kimoja, na kile kinachosemwa ndani ya nyumba, mbele ya watoto, ni kitu kingine. Unaweza kuwa na kitabu cha njaa kwenye maktaba, na nyumbani kwako njaa hiyo isitajwe hata mara moja.

Katika njaa kama ile watu walihama. Wapo waliokwenda magharibi, wapo waliopanda kaskazini kuja Unyaturu ambako uwele haukuwa umekwisha kabisa. Na katika kuhama huko lilikuwepo jambo ambalo wazee hulitaja kwa sauti ndogo: mtoto kuwekwa rehani. Mzazi anafika kwenye mji wa watu wenye chakula, anamwacha mtoto mmoja, anapewa nafaka ya kuwaokolea waliobaki. Maneno ya kuagana ni kwamba mavuno yakipatikana atarudi kumkomboa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa watoto hao.

Alikuwa na umri wa kama miaka sita. Walitoka upande wa Kilimatinde, yeye, baba yake, na mdogo wake wa kiume aliyebebwa mgongoni. Mama yao alikuwa amekwisha kufa. Walipofika nyumba moja upande wa Ikungi baba akapewa kibuyu cha uwele, na bibi akabaki. Akakulia hapo. Akajifunza Kinyaturu mpaka hakuna aliyemjua kuwa si wa pale. Alilima, alichunga, akaitwa mtoto wa mwenye nyumba ile. Baadaye akaolewa na babu yangu, mfanyabiashara mdogo wa chumvi na ngozi aliyekuwa amesilimu mjini, naye akasilimu.

Siku ya nikaha likatokea jambo ambalo bila hilo tusingejua lolote. Sheikh aliuliza kama ilivyo ada: fulani binti nani? Wale waliomlea walikuwa wamekwisha kulitaja jina la mwenye nyumba. Bibi akasema hapana, akataja jina jingine, la Kigogo. Watu wakatazamana. Sheikh, ambaye alikuwa mtu mwenye elimu, akawakumbusha yale yaliyomo katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Na kwa kuwa bibi hakuwa na walii Mwislamu wa damu yake, yeye sheikh akasimama kuwa walii wake. Jina likaingia katika masikio ya mashahidi wawili, na kwa njia hiyo likatufikia. Baada ya siku ile bibi hakulitaja tena hadharani mpaka anakufa mwaka 1989.

Sasa hapa ndipo nataka wale wanaosema tufunike waniambie: kunyamaza huko kulimsitiri nani?

Mwaka 2003 mtoto mmoja wa kaka yangu alianza kuanguka na kutoka povu. Watu wazima, badala ya kumpeleka hospitali, wakafunga safari kwenda kwa mganga nje ya mkoa. Mganga akawaambia nyumbani kwenu kuna mzimu wa mgeni ambaye hakuzikwa kwao, na yuko mwanamke mtu mzima anayeulisha usiku. Angalieni chini ya kitanda chake. Wakarudi. Mwanamke mtu mzima katika ile nyumba alikuwa mmoja tu, shangazi yangu, binti wa mwisho wa bibi, mjane. Chini ya kitanda chake vikakutwa vibuyu sita vidogo, kila kimoja kimefungwa kitambaa mdomoni. Ndani mlikuwa na uwele, mwingine wa zamani umeshaliwa na wadudu. Na watoto wa nyumba ile walikuwa sita.

Msomaji anayekumbuka habari za miaka ile anaelewa maana yake. Kutoka mikoa ya jirani, Shinyanga na Tabora, zilikuwa zinakuja habari za vikongwe kukatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Vijana wa nyumba yetu wakasema shangazi aondoke kabla ya Ijumaa. Shangazi alipoulizwa vibuyu ni vya nini hakuwa na jibu zaidi ya kusema, "Mama alikuwa anaweka."

Aliyeokoa mambo ni baba mdogo, mzee wa zaidi ya miaka sabini wakati huo. Aliitisha kikao baada ya swala ya Isha, akawataka na watoto wakae, hata wadogo. Akasimulia yote niliyoyasimulia hapa. Kisha akasimulia na hili: kibuyu alichopewa baba yake bibi kilikuwa kinaning'inia nyuma ya mlango wa ile nyumba. Bibi akiwa mtoto aliwaza, akili ya kitoto, kwamba laiti kwao kungekuwa na kibuyu kimoja tu kimefichwa mahali, yeye asingeachwa. Alipopata watoto wake, kila mmoja akamwekea kibuyu chake chini ya kitanda. Usiku alivihesabu. Binti yake wa mwisho aliyekuwa akilala naye alijifunza kuvihesabu, akajifunza na kujaza, lakini hakuambiwa sababu. Mama alikuwa anaweka.

Hakuna kijana aliyesema neno. Shangazi ndiye aliyelia, na hakuwa analilia tuhuma. Alikuwa analia, kama alivyosema mwenyewe, kwa sababu miaka hamsini alikuwa anafanya kitu asichojua maana yake, akidhani yeye ndiye mwenye kasoro.

Niseme wazi kwamba simulizi ile haikumponya mtoto kuanguka. Mtoto alikuwa na kifafa, na kifafa kina dawa zake hospitalini, akapelekwa na akapata nafuu kwa vidonge. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa siku hizi wamezuka watu wanaouza maneno kama dawa ya kila ugonjwa, kutoka kisukari mpaka kukosa mchumba. Simulizi inatibu kile kilichoumizwa na kutojua. Ni eneo dogo, lakini si dogo kiasi hicho. Mimi mwenyewe usiku ule nilimwelewa baba yangu, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Hakuturuhusu kamwe kulala nyumba ya watu, hata kwa mjomba, hata siku ya harusi. Tulimwona mtu mkali asiyependa ndugu. Kumbe mama yake alilala nyumba ya watu usiku mmoja, ukawa maisha yake yote.

Katika mkasa huu liko somo ambalo naona viongozi wetu wa dini wanalipita. Tunawapiga vita waganga wa ramli, na ni haki kupigwa vita. Lakini hatujiulizi mganga anauza nini. Anauza hadithi ya ukoo. Mtu ana jambo linalomsumbua na hajui limetoka wapi, nyumbani wazee wamefunga midomo, basi anakwenda kununua hadithi kwa mtu asiyeijua kabisa nyumba yake, na hadithi hiyo daima huwa na mchawi ndani yake. Yule mganga hata hivyo alibahatisha jambo moja, alisema kuna mgeni ambaye hakuzikwa kwao. Nani katika nchi hii iliyopitiwa na misafara ya watumwa, vita na njaa hana mgeni wa namna hiyo katika ukoo wake? Kunyamaza kwetu ndiko mtaji wa waganga.

Wapo watakaosema kwamba kuwazungumza sana wahenga ni kufungua mlango wa mizimu na matambiko. Hofu hiyo naielewa, ila naona imeelekezwa pasipo. Anayetambika anamwomba marehemu, anamchinjia, anataka kitu kwake. Anayesimulia hamwombi marehemu chochote, ila anawaambia walio hai kilichotokea. Kama kusimulia habari za waliopita kungekuwa ushirikina, basi tungefanya nini na Qur'an, ambayo sehemu yake kubwa ni habari za waliopita? Katika Surat Hud, aya ya 120, Mwenyezi Mungu anamweleza Mtume wake kwamba habari hizo za mitume anasimuliwa ili moyo wake uimarishwe. Moyo, wala si kumbukumbu peke yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika dhiki, na katika dhiki hiyo alipewa visa.

Na hebu tutazame kisa kimoja, maana kinakaribiana mno na habari ya watoto wa rehani. Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa mtoto aliyetolewa na watu wa nyumba yake mwenyewe, akauzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika. Alilelewa nchi ya watu. Baba yake alilia mpaka macho yakawa meupe, na huzuni kaimeza. Miaka ikapita. Walipokutana wote Misri, Yusuf alizitaja neema za Mola wake, akasema alitolewa gerezani. Wafasiri wamelitazama jambo hili kwa makini: hakutaja kisima. Kisima ndicho kilichokuwa kibaya zaidi, lakini walimtupa humo ndugu zake, na ndugu zake walikuwa wamesimama mbele yake wameinama. Akasema tu kwamba shetani alikuwa amechochea baina yake na wao. Hiyo ndiyo sitri.

Lakini sasa angalia upande wa pili. Kisima ambacho Yusuf hakukitaja, Mwenyezi Mungu amekitaja. Kimo katika sura inayosomwa mpaka siku ya Kiyama, pamoja na kanzu iliyopakwa damu ya uongo, pamoja na bei. Kilichoachwa ni majina. Ndugu wale hawakutajwa hata mmoja kwa jina katika Qur'an. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye mizani tunayoitafuta. Tendo linasimuliwa lote, hata lile la aibu, kwa sababu waliokuja baadaye wanalihitaji. Jina la mtenda, pale ambapo kulitaja hakuleti ila fedheha kwa watoto wake wasio na hatia, linaachwa.

Mizani hiyo tunaihitaji sana, maana kisa cha bibi kina kipande kigumu ambacho sijakigusa. Je, baba yake alirudi? Katika ukoo wetu kuna riwaya mbili. Waliomlea waliacha neno kwamba hakurudi kamwe, bila shaka alikufa njiani. Bibi mwenyewe, kama alivyompokea baba mdogo kutoka kinywani mwake, alisema alirudi mwaka wa pili na mbuzi mmoja wa kumkombolea, akaambiwa mtoto alishakufa kwa mafua, akaondoka. Bibi alikuwa porini na ndama siku hiyo. Aliambiwa baadaye na mtumishi wa nyumba ile.

Ipi kweli? Sisi Waislamu tumerithi elimu moja ambayo sijui kwa nini tunaiachia masheikh peke yao, nayo ni elimu ya isnadi. Nani kasema, kasikia kwa nani, alikuwepo au hakuwepo, ana maslahi gani? Tukiipima habari hii kwa elimu hiyo tunaona riwaya ya kwanza imetoka kwa watu wenye maslahi ya kuonekana wema. Riwaya ya pili imetoka kwa mtumishi mmoja ambaye hatumjui, na msikiaji wake ni mtoto aliyetamani sana kuwa na baba aliyerudi. Hakuna hata moja inayosimama yenyewe. Kwa hiyo sisi tunawasimulia watoto zote mbili, na tunawaambia kila moja imetoka wapi. Nimeona baadhi ya ndugu hawaridhiki, wanataka tuchague. Lakini kuchagua hapa kungekuwa ni kutunga, na simulizi iliyotungwa ili itufariji itatuangusha siku ikijulikana.

Na nyumba ile ipo. Wajukuu zao tunasalimiana, tumezikana, na damu zetu zimeshachanganyika kwa ndoa. Kama mzee wao alimficha mtoto kwa baba yake kwa ajili ya mikono miwili ya kuchungia ndama, hiyo ni dhulma, na hesabu yake iko mahali pasipopotea kitu. Lakini mzee huyo huyo alimlisha mtoto wa watu katika mwaka ambao wengine walikuwa wanazika wa kwao. Bila uwele wake mimi nisingekuwa naandika. Watoto wetu tunawaambia mambo yote mawili kwa pumzi moja, na jina hatulitaji.

Nasisitiza hili kwa sababu simulizi ikisimuliwa vibaya inaua. Mkoa wetu unalijua hilo kuliko mikoa mingi. Katika miaka ya 1946 na 1947 Singida ilijulikana dunia nzima kwa mauaji ya watu-simba, watu waliouawa ikadhaniwa ni simba, kisha ikasemwa ni watu waliofugwa na kufundishwa kuua kama simba. Kesi zikaendeshwa, watu wakanyongwa. Wataalamu wameendelea kubishana mpaka leo kipi kilikuwa kweli katika habari zile na kipi kilikuwa ni hofu. Lakini ziko koo ambazo kwa vizazi vyote hivi zimebaki na doa kwa sababu tu ya neno "wale ndio". Kusimulia kwa namna hiyo, kwa kunyooshea kidole mlango wa jirani, ndiko kunakostahili kukatazwa, na hapo sitri ndiyo mahali pake.

Upande mwingine tuna ugonjwa wa majivuno. Habari za ushujaa hazihitaji kubembelezwa, zinajisimulia. Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki, kila mtoto wa Singida anamjua, na uwanja wetu wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti. Vizuri. Lakini kila ukoo ukikaa unataka kuwa umetoka kwa Liti, hakuna anayetaka kuwa ametoka kwa mtoto aliyebadilishwa na kibuyu. Surat Al-Hujurat, aya ya 13, inatuambia tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana kwa namna gani, ikiwa kila mmoja analeta mezani mashujaa tu? Mnyaturu na Mgogo wanaotaniana sokoni kwa habari za nani mshamba wangeacha utani nusu ya njia kama wangejua ni wangapi kati yao ni watoto wa mtu mmoja aliyegawanya wanawe ili waishi.

Wale ambao hawatoridhika mpaka wasikie wataalamu, nao wapo. Watafiti wa Kijerumani kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz walikuja Uganda wakafanya kazi na wakimbizi walioumizwa na vita. Njia yao ni nyepesi kuieleza. Mtu anatandikiwa kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu ya kamba anaweka jiwe kila mahali palipotokea jambo baya, na ua kila palipotokea jema. Kisha siku baada ya siku anasimulia, kwa mpangilio, jiwe kwa jiwe, hapitwi na jiwe hata moja, na mwisho anaandikiwa simulizi yake akaondoka nayo mkononi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, yaliyohusu wakimbizi 43 wa Sudan, mwaka mmoja baada ya tiba hiyo waliobaki na ugonjwa wa kiwewe kati ya waliosimulia walikuwa asilimia 29, na katika makundi mengine mawili, ambayo yalipewa ushauri au elimu tu, walibaki kama asilimia 80. Kundi lilikuwa dogo, simlazimishi mtu kulichukua kama hukumu ya mwisho. Lakini baadaye katika kambi ya Nakivale, kazi waliyochapisha mwaka 2008, wasikilizaji waliofundishwa hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao. Baba mdogo hakusoma Konstanz, wala kamba hakutandika, lakini alianza mwanzo, akaenda kwa mpangilio, na hakuruka jiwe.

Hilo la kutoruka ndilo gumu zaidi. Wazee wetu wengi husimulia mpaka wakafika kwenye jiwe, wakasema "basi ikawa hivyo hivyo", wakahamia kwenye mavuno ya mwaka uliofuata. Kijana aliyekaa karibu na mzee na akasikia hiyo "hivyo hivyo" aulize kwa upole, na asipojibiwa leo aulize mwezi ujao. Walioiona Mtunya kwa macho hawapo tena. Waliosikia kwa walioiona wamebaki wachache, wako katika umri wa miaka themanini na tisini, Ikungi, Manyoni, Kilimatinde, Itigi, na kila msimu wa baridi tunazika baadhi yao pamoja na majina ambayo hayakuandikwa popote.

Sisi kwetu bado tuna jiwe moja lisilo na habari. Yule mdogo wake bibi, mtoto wa kiume aliyekuwa mgongoni mwa baba yake siku ile, hatujui kama alifika. Alikuwa hajaanza kusema sawasawa. Shangazi, ambaye kwa fadhila za Mwenyezi Mungu yuko hai, anasema mama yake alikuwa na wimbo wa kumbembelezea mtoto ambao hakuwaimbia watoto wake hata mmoja, alikuwa akiuimba anapotwanga peke yake. Vibuyu sasa viko jikoni, kwenye kichanja, na watoto wanavitumia kuwekea mbegu za alizeti. Kama yuko msomaji upande wa Kilimatinde au popote walikotawanyika watu wa huko, ambaye kwao husimuliwa habari ya babu aliyerudi kutoka Unyaturu na mtoto mmoja badala ya wawili, au habari ya mzee aliyekwenda kaskazini na mbuzi akarudi naye, na amwulize mkubwa wa nyumba yao kama yule binti aliyeachwa alitajwa jina. Jina lake la utotoni tunalo. Tutalilinganisha.